Bawa la Pejo

Mama Mwilambwe alileta gari likivutwa kwa kamba,
Pejo mia nne na nne, rangi ya chai iliyopoa,
akaliegesha mbele ya karakana yangu, hapa Katuba,
akatoa bahasha.
Nilidhani ni pesa.
Zilikuwa karatasi za mshahara, kumi na saba,
na nyuma ya kila moja, kwa penseli,
mchoro.

Marehemu mumewe, Kyalwe, alipima uzito wa shaba
kwenye mizani ya kiwanda, kivulini mwa bomba la moshi.
Miaka thelathini na moja, nyumbani hadi langoni, langoni hadi nyumbani,
hakuwahi kumpita mtu.
Baiskeli za makala zilimpita.
Watoto wa mtaa walimwita Kobe, naye aliwapungia mkono.

Kumbe kobe alikuwa na mbio zake
upande wa pili wa mshahara:
kidevu chini ya bampa, nusura kilambe lami,
madigadi yaliyovimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta,
matundu ya boneti kupumulia,
namba kumi na tisa ndani ya duara,
na nyuma, juu ya buti, bawa.

Nilianza na kadibodi.
Fundi asiyeanza na kadibodi huanza na majuto.
Kijana wangu Chansa alishika, mimi nikakata,
tukalivalisha gari maboksi ya sabuni
hadi wapita njia wakauliza kama linahama nyumba.
Alumini niliitoa kwenye tenki la lori lililopinduka.
Niliipaka kipande cha sabuni kilichobaki bafuni,
nikaipitishia moto polepole mpaka sabuni ikawa nyeusi.
Hapo ndipo alumini hukubali.
Zidisha kidogo tu, inadondoka yote kama uji.
Kisha mfuko wa mchanga, kisha nyundo ya mti,
bila hasira, maana bati lililopigwa kwa hasira
hukuonyesha kila pigo siku ya rangi.
Ribiti nilichonga za shaba.
Chansa akauliza, kwa nini tusiweke za chuma?
Nikamwonyesha mlima ule mweusi wa masazo ya tanuri,
nikaendelea kugonga.

Lakini bawa lilikuwa na kosa.
Gari la mbio huvaa bawa kichwa chini,
upepo ulikandamize, tairi zishike barabara.
Kyalwe alikuwa amechora bawa la ndege.

Nikamwita mama. Nikamweleza kwa kiganja changu,
hivi linashusha, hivi linainua.
"Likishika mwendo, litanyanyua makalio ya gari."
"Mwendo gani, fundi?"
"Tuseme mia na sitini."
Akacheka hadi akashika mlango.
"Lina gia nne, na moja inakataa."
Halafu akaigeuza karatasi, akaweka kidole kwenye tarakimu:
"Upande huu walimkata hapa.
Wakamkata na hapa. Hapa sijui walikata nini.
Upande wa pili, tafadhali, usimkate kitu."

Nikaliweka alivyolichora.

Umeme ulitoroka siku ya kupuliza rangi,
ndiyo maana namba kumi na tisa ni ya brashi,
na ile tisa imeinama kidogo, kama inasikiliza.
Injini aliifufua jirani yangu, kwa deni.

Jumapili tukatoka, barabara ya Kasumbalesa.
Mama usukani, miwani ya marehemu usoni,
Chansa kando yake, mimi nyuma.
Sindano ya mwendo ilitetemeka kwenye arobaini.
Mbele yetu baiskeli, magunia matatu ya makala,
mtu amesimama juu ya pedali, mlima unapanda.
Mama akawasha taa ya kushoto.
Tulimpita.
Ilichukua muda. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani.

Mimi nilikuwa nimegeuka, nalitazama bawa
kupitia kioo cha nyuma.
Sisemi liliinua kitu.
Nasema ribiti mbili za shaba zililia,
na sikuwa nimezilegeza.